Neno Nililobandika Ukutani

Siku yangu ya kwanza labo, maabara ya hospitali, nilipewa kitambaa cha pamba na sanduku la vioo vya darubini, nikaambiwa nivifute mpaka saa sita. Sikuona damu, wala darubini sikuisogelea. Niliporudi nyumbani mama yangu aliniuliza kazi ya labo ikoje. Nikamwambia ni kuosha vyombo, ila hivi ni vidogo.

Ninyi mnaobaki mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, kwa kuwa sasa nimerudisha ufunguo wa kabati na koti jeupe. Nimekubali, lakini mambo ya vyeo sitayaandika. Yamo kwenye dosye, faili langu pale ofisini, kama panya hawajayamaliza. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya kosa moja, kwa sababu kosa lile ndilo lililonifundisha zaidi ya shule zote. Naandika kwa Kiswahili tulichofundishwa na masista. Watu wakisema, nawaacha waseme kama tunavyosema hapa Bunia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Uyirwoth, mtu wa Mahagi, mwembamba, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, nasi tuliigeuza kutwa nzima tukifuata jua dirishani. Siku ya mawingu tulifanya kazi polepole, na siku ya mvua kubwa hatukufanya. Kwa wiki tatu alinifanya niangalie damu za watu wazima wasio na ugonjwa wowote, kabla ya kuniruhusu kutafuta malaria.

"Kwanza ujue damu muzuri iko namna gani," alisema. "Bila hiyo utaona magonjwa kila pahali."

Mara moja tu alinikasirikia. Nilikuwa nimemwambia mama mmoja, mwenye mtoto wa homa, kwamba damu ya mtoto haina kitu. Papa Uyirwoth alingoja mama atoke, kisha akavua miwani.

"Haina kitu, ao haujaona kitu?"

"Sijaona kitu, Papa."

"Basi umuambie vile. Ukimbie, hajafika barabara."

Nilikimbia na koti langu, watu wakinitazama, nikamfikia mama yule na kumwambia kwamba sijaona kitu leo, na homa ikirudi kesho amrudishe mtoto. Alimrudisha kesho yake. Malaria ilikuwamo. Tangu siku hiyo Papa Uyirwoth alikuwa akiniuliza juu ya kila neno nililolitumia mbele ya mgonjwa: "Ile neno umeitosha wapi?" Nilidhani ni ubishi wa wazee.

Vita vilipoingia mjini aliuawa njiani, asubuhi, akija kazini, na mfuko wake wa chakula mkononi. Nani alimuua sijui, na waliosema wanajua walitaja majina tofauti. Labo iliporwa. Tuliporudi tulikuta vioo vimekanyagwa, rejista zimechanwa kuwashia moto, na rangi ya zambarau ya kupakia damu imemwagika mpaka nje ya mlango. Rangi ile haitoki kwenye saruji. Kwa miaka mingi wagonjwa waliipita kwa kuiruka, wakidhani ni damu ya mtu. Mwishoni tuliacha kuwaeleza.

Tulianza upya na darubini moja ya kuazima. Miaka ikapita, watu wengine wakaja kazini, wengine wakaondoka, mimi nikawa mkubwa wa labo bila kuwa na mtu wa kuniuliza neno nimelitoa wapi. Ndipo tukapata, kwa msaada, mashine ya kutenganisha damu kwa umeme. Tone la damu linawekwa kwenye ukanda wenye unyevu, umeme unapita, na baada ya muda mistari inaachana: huu mstari wa A, huu wa S. Umeme ukikatika katikati, unaanza tena. Ulikatika mara nyingi.

Kwa asiyejua, naeleza kwa kifupi. Kila mtoto anapokea kitu kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Mwenye A mbili, tunamwandika AA, hana shida hiyo. Mwenye S mbili ni SS: chembe zake za damu zinajipinda kama mundu, zinakwama, mifupa inamwuma, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua. Mwenye A moja na S moja ni AS. Huyo haugui. Anaweza kuzeeka bila kujua. Lakini akizaa na AS mwenzake, baadhi ya watoto wanaweza kuwa SS. Kabla ya mashine ile, watoto hawa tuliwaandika "kupungukiwa damu" na tukawazika na neno hilo. Katika mitaa, mama aliyezika wawili watatu alikuwa na majina mengine, na hayo sitayaandika.

Daktari wa watoto wakati ule alikuwa ametoka Kinshasa. Alikuwa mtu mzuri, mwenye Kilingala kingi na Kiswahili kidogo. Aliniita akaniambia kwa Kifaransa: "Mama Brigitte, fishi ni ya Kifaransa, na watu hawaisomi. Utawaelezea wewe kwa Kiswahili. Tafuta maneno."

Fishi, karatasi ile ya maelezo, ilisema mtu wa AS ni *porteur*. Hapa kwetu *porteur* ni yule mwanamume anayekubebea magunia sokoni. Nilihitaji neno jingine. Binti yangu alikuwa amenipa simu yenye intaneti, ya kwanza katika maisha yangu, basi wakati wa chakula cha mchana nikatoka uani penye rezo, yaani mtandao wa simu, nikaandika neno lile na neno "Kiswahili". Ukurasa wa kwanza uliofunguka ulikuwa safi, wa rangi ya bluu, wenye maneno ya afya yaliyopangwa kwa alfabeti. Niliteremka mpaka nikalikuta: *mbebaji: mtu asiyeugua ambaye anaweza kuambukiza wengine.*

Nilifurahi kama aliyeokota kitu barabarani. Sikuuliza nani aliandika. Sikuuliza alikuwa akisema juu ya magonjwa gani. Nilichukua kipande cha katoni, nikaandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, nikaibandika kando ya dirisha la kutolea majibu: AS, MTU HUYU HAUGUI LAKINI ANAWEZA KUAMBUKIZA.

Katoni ile ilikaa ukutani zaidi ya mwaka. Daktari aliiona, akanisifu kwa mwandiko.

Lotsove alikuja katika msimu ambao watu wa Djugu walikuwa wameanza tena kukimbia. Alitoka upande wa Fataki na alikuwa akiishi katika kambi pembeni ya mji, chini ya hema, pamoja na mama mkwe wake. Mume wake, Ngabu, alikuwa machimboni akitafuta dhahabu. Alikuwa amezika watoto wawili. Wa tatu, msichana wa miaka minne, alimbeba mgongoni ingawa miguu ya mtoto ilikuwa mirefu tayari. Mtoto alikuwa na macho ya njano na vidole vilivyovimba. Nilipomchoma hakulia. Alitazama damu ikipanda kwenye kijimrija akauliza inakwenda wapi.

Siku mbili baadaye majibu yalitoka: mtoto SS, mama AS. Nilimwita Lotsove dirishani. Nilimweleza ugonjwa wa mtoto kwa maneno mengi, na nafikiri yale nilieleza vizuri. Kisha nikafika kwa yeye mwenyewe, nikanyoosha kidole kwenye katoni, nikamsomea.

Halafu akauliza: "Njo kusema ni miye nilimuambukiza?"

Nimelirudia jibu langu mara nyingi kichwani kuliko sala yoyote. Nilitazama katoni, nikamwambia: "Majibu inasema vile."

"Na bale bawili ba kwanza?"

"Pengine nao."

Alishukuru. Watu wetu wanashukuru hata wakipewa hukumu. Alikwenda kwa daktari, muuguzi akamwelekeza kwa Kiswahili jinsi ya kumtunza mtoto: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, akipata homa aletwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyakariri yote palepale, kwa sauti, kama mtoto wa katekisimu.

Baada ya hapo sikumwona. Sikumfikiria pia, nisidanganye. Kila siku kulikuwa na foleni.

Ilipita karibu miezi minane. Asubuhi moja nilimkuta amesimama kando ya ukuta, mbali na benchi ambalo wengine walikaa. Nilimwambia akae. Akasema ni sawa, atasimama. Zamu yake ilipofika alikuja dirishani akasimama hatua mbili nyuma.

"Mama, unipime tena," alisema. "Nataka kujua kama bado niko naambukiza batu."

Sikuelewa. Nikamwuliza mtoto hajambo.

"Mutoto alikufa."

Nilifungua mlango nikamwingiza ndani, nikampa kiti changu. Hakutaka kukikalia. Alinieleza akiwa amesimama, polepole, bila machozi, nami nayaandika hapa kwa ufupi kwa sababu urefu wake siwezi. Alipotoka hospitali siku ile alikwenda moja kwa moja kumwambia mama mkwe yale aliyosomewa, neno kwa neno, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha. Mama mkwe alimchukua mtoto mikononi mwake wakati uleule. Lotsove alikatazwa kumpikia, kumwogesha na kulala naye. Ngabu aliporudi kutoka machimboni alisikia habari yote kwa mama yake, akamwambia mkewe aende kwa dada yake. Hakumpiga, alisema Lotsove, kama mtu anayemtetea. Kisha ikasemekana kwamba huko juu milimani kumetulia, na mama mkwe akapanda na mtoto kwenda kuangalia mashamba upande wa Fataki. Huko kuna baridi. Mtoto alianza kulia mifupa, baadaye homa. Bibi alimkanda kwa majani, akamfunika, akangoja. Hakujua habari ya maji. Hakujua habari ya kumkimbiza hospitali. Yote hayo aliyajua mtu mmoja tu, na huyo walikuwa wamemfukuza.

"Dada yangu amezaa," Lotsove aliendelea. "Mutoto iko na miezi mbili. Sijamushika hata siku moja. Ninalala inje kwa veranda, niko na sahani yangu na kikombe yangu. Sasa dada anataka nimusaidie kubeba mutoto, na miye ninaogopa. Njo maana nimekuja. Kama imeisha, uniandikie karatasi."

Nilitamani mtu aingie aniite. Nilitamani kusema ni kosa la simu. Katoni ilikuwa pale nyuma yake, na wino mwekundu umeanza kupauka.

"Lotsove," nilimwambia, "haukumuambukiza. Haiko ugonjwa ya kuambukiza. Haiko kwa mikono, haiko kwa chakula, haiko kwa maziba ya kunyonyesha. Ulizaliwa na nusu, na bwana yako alizaliwa na nusu. Mutoto alipata zote mbili. Nilikuambia neno mubaya. Ni miye nilikosa, si weye."

Nilidhani hakusikia, nikaanza kurudia, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Kumbe ningeweza kumubeba," alisema.

"Ndiyo."

"Siku zote zile."

"Ndiyo, mama."

Sasa ndipo alipokaa. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, miguu ameinyoosha, nami nikakaa karibu naye juu ya saruji. Watu dirishani waligonga, wakachoka, wakaenda. Sikumwomba msamaha siku ile. Niliona ni kumwongezea mzigo wa kunijibu.

Alipoondoka nilibandua katoni. Kisha nikachukua rejista na kuhesabu ni watu wangapi wa AS walikuwa wamepita dirishani kwangu tangu niibandike. Nilianza kuwatafuta mmoja mmoja. Wengine niliwapata, wakacheka, walikuwa hawakunielewa kabisa, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa mtu asiyenielewa. Wengine walikuwa wamehama kwa ajili ya vita na sikuwapata mpaka leo. Sijui neno langu linafanya nini nyumbani kwao.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda kambini na Lotsove. Ngabu alikuwapo, amekaa juu ya bidoni ya maji mbele ya hema, na mama yake alikuwa amerudi kutoka juu. Nilisema niliyokuja kusema: mimi ndiye niliyekosa, hakuna mtu aliyemwambukiza mtoto, baba na mama wote wawili wamezaliwa na nusu.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. "Mutoto alikufa mu mikono yangu," alisema. "Weye uliandika, siye tulifuata. Sasa unakuja kusema nini?"

Niliwaaga, nikaondoka na Lotsove.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua dirisha, Ngabu alikuwa mlangoni. Alitaka kupimwa. "Nikionekana sina," alisema, "tutajua ile mutoto alikuwa ya nani." Niliogopa. Sikuogopa jibu, kwa maana nilikuwa nalijua. Niliogopa atakachofanya kabla ya kulipata. Nilimtoa damu, nikamwambia arudi kesho saa nne. Usiku ule umeme ulikuwapo mpaka asubuhi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Alirudi. Nilimwonyesha ukanda wenyewe, mstari wa A na mstari wa S, nikaweka pembeni ule wa Lotsove. Ilikuwa kama ya mtu mmoja.

Aliangalia kwa muda. "Haiwezekani uandike ingine?"

"Hapana, Papa. Nilikwisha kuandika mubaya mara moja."

Alikaa kwenye benchi mpaka tulipofunga saa sita kwa chakula. Nilipotoka alikuwa bado pale. Akauliza Lotsove yuko wapi. Sikujua. Wiki ileile risasi zilikuwa zimesikika karibu na mtaa wa dada yake, na watu walikuwa wamesambaa. Baada ya muda tukasikia kwamba dada na mume wake wamekwenda Aru, ambako mume alikuwa na ndugu kwenye forodha, na Lotsove amekwenda nao. Ngabu alipanda lori akamfuata. Alipofika aliyasema yote mbele ya dada na shemeji: kwamba na yeye amepimwa, na yeye ni AS, na kwamba alimfukuza mke wake bure. Haya nayajua kwa sababu Lotsove mwenyewe aliniambia kwa simu. Nilimwuliza alimjibu nini. Alisema alimshukuru kwa kuja, akampikia, na asubuhi Ngabu akarudi peke yake.

Mimi nilibaki na kazi ya maneno. Nilikwenda kwa Bosco, aliyefundisha biolojia kwenye sekondari moja karibu na kwetu, tuliyemwita Profesa kama tunavyowaita walimu wote wa sekondari. Nilimweleza kila kitu. Hakunifariji, na kwa hiyo nikamwamini. Alasiri za Jumamosi tulikaa kwenye chumba cha kompyuta cha shule yake, rezo ikipatikana, tukatafuta kamusi za jenetiki na biolojia ya molekuli. Kazi ile ilituchukua miaka, ninyi mnaitumia leo kwenye daftari la kijani bila kujua ilivyopatikana.

Kwanza Bosco alitaka tuone tena ule ukurasa wangu wa bluu. Haukuwa na jina la mwandishi wala mwaka. Maelezo ya "mbebaji" hayakuwa uongo: kwa kipindupindu ni sahihi. Yule mtu alikuwa akisema juu ya magonjwa ya kuambukiza, mimi nikayapeleka kwenye damu ya urithi. Niliona aibu zaidi kuliko kama ungekuwa uongo. Tulitafuta kurasa nyingine tukakuta nne zenye maelezo yaleyale, na katika zote neno "ugonjwa" limekosewa herufi mahali palepale. Nilidhani nina mashahidi wanne, kumbe ni mmoja aliyenakiliwa. Tangu hapo tulitafuta makosa ya herufi kwa bidii kama tunavyotafuta vijidudu.

Tukajifunza kuijaribu kamusi kabla ya kuiamini. Usianze na neno usilolijua, maana huna cha kupimia. Anza na neno lililokuumiza. Kila kamusi mpya niliifungua kwenye *porteur*. Ikitenganisha aliyerithi na anayeambukiza, tunaendelea kusoma. Isipotenganisha, tunafunga, hata kama ina picha nzuri. Zilizopita mtihani huo zilikuwa chache: za vituo vya utafiti vya nje, zenye majina ya wanasayansi waliozisoma na tarehe za kusahihishwa, na mbili tatu za Kifaransa za hospitali za vyuo vikuu. Tulizichapisha kwenye karatasi, tukaandika kwa mkono siku tuliyozisoma, kwa maana rezo ya Bunia haina ahadi na mtu.

Kwa Kiswahili tulipata orodha za istilahi za Tanzania. Zilikuwa nzuri, za watu waliofikiri, lakini ukisema "vinasaba" hapa foleni nzima inageuka kuangalia nani ameitwa. "Jeni" nalo, ukilisema haraka kwa mama aliyechoka anasikia "jini", na jini ni la mchungaji, si la labo. *Mutation*, yaani badiliko kwenye jeni, kwa mfanyakazi wa serikali ni barua ya kuhamishwa. Na wakati wa Ebola, mashine za PCR, zinazonakili jeni za virusi ili vionekane, zilipokuja, nilihitaji neno la *amorce*, ule uzi mfupi unaoanzisha kunakili. Niliiuliza simu itafsiri. Ikanijibu: fataki. Kwa kamusi haikukosea, *amorce* ni pia kile cha kulipulia baruti. Lakini nifikirieni mimi nikiwaambia watu waliokimbia kutoka Fataki kwamba tunatia fataki kwenye damu yao. Bosco alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuweza.

Kila neno lililopita kwenye karatasi lilikuwa bado halijapita kwa watu. Nililipeleka foleni, nikalieleza kwa mama yeyote, kisha nikamwuliza: "Mama, ukifika nyumbani, utasema nini kwa bwana yako?" Nikaandika alichosema. Kama hakikuwa nilichokusudia, neno linarudi. Tulichobaki nacho kwa AS si neno, ni sentensi tatu, na ninyi mnazijua kwa moyo: *Ulizaliwa na nusu moja. Haiambukizi mtu. Mtoto anaugua tu kama baba na mama wote wawili wamempa.* Ni ndefu. Wakubwa wa ofisi walitaka neno moja lienee kwenye fishi. Nilikataa, na katika miaka yote ya kazi ndiyo mara pekee niliyopaza sauti kwenye mkutano. Pia msimpe mama jibu la mtoto wa SS bila kumtaja baba, awe amepimwa au hajapimwa, awe machimboni au wapi.

Nilipoanza kuandika kurasa hizi nilimpigia simu Lotsove kule Aru. Anauza maharagwe karibu na mpaka. Anaishi bado na dada yake, na yule mtoto ambaye aliogopa kumshika sasa anakwenda shule. Nilimwuliza kama naweza kusimulia habari yake kwa vijana wa labo, na kama nibadilishe jina.

"Jina yangu uache vile iko," alisema. Kisha akauliza: "Mu ile rejista yenu mulimuandika mutoto namna gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba tuliandika namba, mwanamke, miaka minne, SS.

Nilisikia sauti za soko nyuma yake. Mtu alimwuliza kitu, akamjibu, akarudi kwenye simu.

"Basi mu karatasi yako uandike jina yake."

Aliitwa Jeanne Mave. Alizaliwa Fataki.